Umemwita hakimu "jaji" kwenye barua ya kazi: uenguliwe?

Wa Isevya, Tabora (mwenye mada):
Wiki iliyopita nilikaa na mawakili wawili tukichambua barua za maombi, nafasi moja tu, hapa mjini. Binti mmoja, vyeti vyake safi kabisa, kamwandika mdhamini wake "Mheshimiwa Jaji". Kumbe huyo ni Hakimu Mkazi Mfawidhi. Barua ikawekwa kando palepale. Niliafiki, na bado naafiki. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Hakimu huajiriwa na Tume hiyo. Anayechanganya hayo, kesho shauri la Mahakama ya Mwanzo atalikatia rufaa Mahakama Kuu, Wilaya kairuka. Semeni.

Wa Ujiji:
Wakili msomi, shikamoo kwanza. Huku kwetu kila anayekaa pale mbele mahakamani watu humwita jaji, na "mheshimiwa" hata diwani anaitwa. Huyo binti kaandika alivyosikia tangu utotoni. Kosa lipo, sikatai. Ila kakosea jina la cheo, hajaongeza alama kwenye cheti. Mlimpigia huyo hakimu kuuliza anamjuaje?

Wa Kiloleni, Tabora:
Mimi nilifanya kinyume, nikamshusha mtu. Nilimwandika "Jaji wa Mahakama Kuu" wakati alishapanda kuwa Jaji wa Rufani. Karani mmoja mama akanishika mkono: "Mwanangu, hii usiipeleke." Nikachapa upya, nauli ya bodaboda mara mbili. Kwa hiyo mwenye mada namwelewa: cheo kinabadilika, mwombaji aulize kabla hajachapa. Na barua ya mahakama mara nyingi anaandikiwa Naibu Msajili, siyo jaji mwenyewe. Hapo ndipo wengi hujikwaa zaidi, wala hamkutaja.

Wa Ujiji:
Umeona? Wewe ulipata mama wa kukushika mkono. Yeye kapata watu watatu na kapu.

Wa Isevya, Tabora:
Kapu halikuwepo, dada, ilikuwa bahasha. Simu hatukupiga, hilo mmenibana. Jumatatu naomba barua irudi mezani na mdhamini apigiwe. Lakini akiitwa kwenye usaili, swali la kwanza ni langu: anipangie ngazi za mahakama kuanzia Mwanzo hadi Rufani, na kila ngazi aseme nani anakaa pale.