Faili zenye ĩ na ũ zinasomeka takataka kwenye seva, naombeni msaada

MtunzaNgano

Habari zenu wakuu. Kwa miaka miwili sasa naandika ngano anazonisimulia nyanya yangu kwa Kikuyu, kila ngano na faili yake. Zimefika 214. Kwenye laptop yangu ya Ubuntu sina shida yoyote. Juzi nikazipandisha kwenye seva ya kukodi yenye Debian 12 (Linux kama Ubuntu) ili ndugu zangu walio mbali wazipate. Nimeingia kwa ssh (njia ya kuifikia seva kutoka mbali), nikaandika `ls` kuorodhesha faili, nikakuta hivi:

`'r'$'\305\251''gano-hiti.txt'`

Hiyo ni rũgano ya fisi. Nikiifungua kwa `less` naona `r<C5><A9>gano`. Halafu kila nikiingia napokelewa na onyo hili:

`-bash: warning: setlocale: LC_ALL: cannot change locale (en_GB.UTF-8)`

Naogopa kugusa kitu nikaharibu. Nyanya ana miaka 87 na baadhi ya ngano hizi hatazisimulia tena.

kijana_wa_kodi

Mkuu, njia rahisi ni kubadilisha majina yote, ĩ iwe i na ũ iwe u. Hutasumbuka tena na mashine yoyote.

fundi_terminali

Hapana jamani, tusimshauri hivyo. Kikuyu kina irabu saba, na i na ĩ ni herufi mbili tofauti kama vile a na e kwetu. Ukifuta kiwimbi (ile ~ ya juu ya herufi) umebadilisha neno. UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote kwa baiti, ilibuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, kwa hiyo mashine ina deni la kutuonyesha herufi zetu, si sisi kuzipunguza.

Dada (au kaka, niwie radhi), usibadilishe faili hata moja kwanza. Nifanyie mambo mawili: andika `cat` badala ya `less` kwenye faili hiyohiyo, kisha `locale -a` (inataja mipangilio ya lugha iliyopo kwenye seva). Tuletee majibu.

MtunzaNgano

Ni dada. Ajabu, `cat` inaonyesha vizuri kabisa, ũ na kiwimbi chake! Na `locale -a` imetoa mistari mitatu tu: C, C.utf8, POSIX.

fundi_terminali

Basi tulia, ngano zako ni nzima. `cat` inazimwaga baiti kama zilivyo, na dirisha lako linazisoma sawasawa. Hizo 305 na 251 ni hesabu ya msingi wa nane: ni baiti C5 na A9, yaani ũ katika UTF-8. (ĩ utaiona kama 304 na 251.) Wanaokwama ni `ls` na `less`, kwa sababu wao huuliza kwanza mpangilio wa lugha ndipo waamue herufi ipi inaonyeshwa.

Bila shaka kuna siku uliweka `export LC_ALL=en_GB.UTF-8` ndani ya `.bashrc` ya seva, faili inayosomwa kila unapoingia. Umeiagiza seva itumie mpangilio ambao haijatengenezewa, na ikikosa inarudi kwenye C, ambayo haijui chochote nje ya herufi za ASCII, yaani zile za Kiingereza tu. Futa mstari huo, weka huu:

`export LANG=C.UTF-8`

Toka, ingia upya. Kama unautaka ule wa Uingereza, fungua `/etc/locale.gen` kwa sudo, ondoa alama ya # mbele ya `en_GB.UTF-8 UTF-8`, kisha `sudo locale-gen`. LC_ALL iache kabisa. Inazikanyaga LANG na LC_CTYPE zote, na mtu huisahau humo miaka.

Mlubumbashi

Huku kwetu shida ni é na è za Kifaransa, na dawa yake ni nyingine, msije mkachanganya. Faili zetu za zamani za Windows zina é ya baiti moja, `\351` kwenye `ls`. Hapo mpangilio hausaidii, jina lenyewe limeandikwa kwa ISO-8859-1, mfumo wa zamani wa baiti moja kwa herufi, na lazima ligeuzwe kwa `convmv`, programu ya kugeuza majina ya faili. ĩ na ũ hazimo kabisa katika ISO-8859-1, kwa hiyo dada hilo halikuhusu.

Anayeingia kwa PuTTY (programu ya ssh ya Windows) aangalie pia Window, kisha Translation, pawe UTF-8.

MtunzaNgano

Imekubali!! Nimeona orodha yote imenyooka, machozi yamenilenga. Mungu awabariki.

Ila kuna faili 31 alizonitumia mjomba kutoka Mac yake ya zamani. Naiona `mũtĩ.txt` kwenye orodha, naandika `cat mũtĩ.txt` kwa mkono wangu, naambiwa haipo. `cat m*.txt` inaifungua.

fundi_terminali

Hilo nalijua, lilinilaza macho wiki nzima. Andika `ls m* | xxd`, uone baiti za majina. Kama baada ya m unaona `75 cc 83`, hiyo ni u ya kawaida ikifuatiwa na kiwimbi kinachojitegemea. Kibodi yako inatoa `c5 a9`, herufi moja iliyokamilika. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa Linux ni majina mawili. Mac za zamani zilikuwa zikizitenganisha zenyewe wakati wa kuhifadhi.

Nakili folda nzima pembeni kwanza. Kisha:

`convmv -f utf8 -t utf8 --nfc -r .`

Hiyo `--nfc` ndiyo inayounganisha herufi na kiwimbi chake. Hapo inakuonyesha tu itakachofanya. Soma mstari kwa mstari, ukiridhika rudia na `--notest` mwishoni.

kijana_wa_kodi

Nimejifunza. Dada, niwie radhi kwa ushauri wa mwanzo.

MtunzaNgano

Usijali ndugu yangu, ulitaka kusaidia. Faili zote 31 zimegeuka, `cat mũtĩ.txt` imefunguka mara ya kwanza. Hiyo ndiyo aliyonisimulia mjomba kwa simu usiku ule umeme ulipokatika. Ndani ya maandishi yake nako kuna viwimbi vinavyojitegemea, maana nikitafuta neno kwa `grep` inaliruka. Nikipitisha kila faili kwenye `uconv -x any-nfc` nitakuwa salama?

fundi_terminali

Ndiyo, ila toa matokeo kwenye faili mpya, usiandike juu ya ile ile. `uconv` utaipata kwenye kifurushi cha `icu-devtools`.