Pikipiki ilibeba gunia la mkaa, sasa "abiria" wake anidai milioni 7. Nifanyeje?

MamaHiace_Makorora

Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamooni mlionizidi umri.

Nina Hiace yangu ya abiria, yapiga Pongwe–mjini hapa Tanga. Mwezi wa tatu dereva wangu akiingia Majani Mapana, kijana wa bodaboda alikata mbele ya gari bila indiketa, ikamgusa ubavuni, akaanguka. Nilipigiwa simu nikachukua bajaji, nikafika trafiki hajamaliza hata kupima. Kijana nilimkuta kasimama kwa miguu yake, goti la kulia limechubuka, suruali imechanika, agombana na konda wangu kuhusu mkaa. Maana kile kiti cha nyuma alikuwa kafunga gunia la mkaa, lile la rumbesa, limepasuka na mkaa umetapakaa lami nzima. Pikipiki aliiinua mwenyewe. Nikampa hela ya dawa na ya mkaa, akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akaenda hospitali. Jioni ile ile konda kamwona kijiweni apakia abiria.

Dereva naye alipelekwa mahakamani, akashauriwa akubali kosa yaishe. Akakubali, akapigwa faini, nikalipa mimi.

Wiki iliyopita naletewa barua ya madai kutoka kwa mtu ajiitaye wakili. Wadai wawili! Wa kwanza kijana mwenyewe: nyonga ya KUSHOTO imevunjika, ulemavu wa kudumu asilimia 35, milioni 11. Wa pili ni "abiria aliyekuwa amepakiwa", mwanamke ambaye sijapata kumwona wala kumsikia, bega limeteguka na shingo ina maumivu yasiyoisha, milioni 7. Jamani, huyo alikaa wapi?

Nikaenda kwenye bima yangu. Ni bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, stika halali, nimeihakiki mwenyewe kwenye TIRA-MIS, mtandao wa mamlaka ya bima. Afisa wa madai ni kijana mpole tu, kaisoma barua yote kwa utulivu, akaniambia: "Mama, tutawapa milioni nne wote wawili tufunge faili. Kupeleka wakili mahakamani kutatugharimu zaidi ya hapo." Nikamwuliza, na gunia? Akacheka. Kisha akanidokeza kuwa mwakani gari yangu ikija kukata bima itaangaliwa upya.

Swali langu: nina haki ya kuwaambia wasilipe? Au hela ni yao, mie nifunge mdomo?

konda_RasKazone

Mama huyo abiria ndiye mkaa wenyewe, bega liliteguka gunia lilipopasuka 😂😂 Tanga raha

Rizki_ya_Mtu

Mama angu mbona wajitafutia presha. Miaka yote umelipa bima hujapata hata senti, leo anapata kijana maskini unanuna. Hao wenye kampuni wana maghorofa Dar. Hela si yako, muache ale.

MadaiMstaafu

Bibie MamaHiace, wa alaykum salaam. Nilikaa dawati la madai kwenye kampuni ya bima mpaka nikastaafu, sasa niko Muheza nalima machungwa, kwa hiyo nasema bila kuogopa bosi.

Jibu lako kwanza. Kuwazuia wasilipe huwezi. Soma mkataba wako, kuna kipengele kinachoipa kampuni mamlaka ya kuendesha utetezi na kusuluhisha kwa jina lako. Ila huyo kijana mpole hawezi kulipa kwa raha kama kwenye faili lake kuna barua yako, imegongwa muhuri wa mapokezi, inayosema huyo abiria hakuwepo na shahidi ni fulani na fulani. Usiende kuongea. Andika.

Sasa tatizo lako lilipoanzia. Siyo Majani Mapana, ni mahakamani. Dereva akishakiri na kutiwa hatiani, hukumu ile inabebwa mpaka kwenye kesi ya madai, na swali la kama dereva wako alikosa linakuwa limefungwa. Vishoka, hao madalali wa madai wanaojifanya mawakili, wanalijua hilo kuliko mawakili wenyewe. Wanakaa mahakamani siku za kesi za trafiki, wanasikiliza nani amekiri, wanamfuata majeruhi nje. Ndiyo maana barua yako imekuja baada ya faini na siyo kabla. Kikubwa kinachobaki kubishaniwa ni nani kaumia, kaumia nini, na kwa kiasi gani. Bahati yako uongo wao uko hapo hapo.

Dai X-ray yenyewe, usikubali karatasi ya maelezo. Picha ina jina, tarehe, na alama ya L au R. Mtu aliyevunjika nyonga haendeshi pikipiki jioni ile ile, na hata angepona, mfupa uliounga unaonekana. Mwambie afisa aombe kijana apimwe na daktari mwingine ambaye kampuni itamlipa. Kisha uombe ripoti ya polisi na ramani ya ajali, humo trafiki huandika majeruhi ni wangapi. Abiria ambaye hayumo, na PF3 yake imetolewa tarehe nyingine, aeleze alikuwa wapi muda wote huo.

Ndugu Rizki, maghorofa hayo nimefanya kazi ndani yake. Kampuni ya bima haina shamba. Inalipa kwa michango ya wenye magari, na ikilipa sana mwaka huu inawarudia wao mwakani. Watu wa bima ndogo ya gari binafsi walizoea ile 118,000 pamoja na VAT, wanaona ni kodi ya stika tu, hawajiulizi inaenda wapi. Mimi nimelipa milioni mbili, milioni tatu, kwa majina ambayo nilikuwa nayajua ni ya uongo, kwa sababu wakili wa kutetea na safari za mashahidi zilikuwa zinazidi hapo. Kishoka anaijua hesabu hiyo vizuri, ndiyo maana haombi milioni mia.

Na usidhani ni Tanga tu. Uingereza ilifika mahali gari la mbele linafunga breki makusudi ligongwe, halafu watu wanne ndani wote shingo zinauma, kwa kuwa shingo inayouma haionekani kwenye X-ray. Mwaka 2013 walipiga marufuku wanasheria kununua majina ya majeruhi kwa kamisheni. Mei 2021 wakaweka jedwali: shingo iliyouma isiyozidi miezi mitatu ilianza na pauni 240 tu, na bima ikakatazwa kutoa ofa kabla haijaona ripoti ya daktari. Kijana wako mpole angefanya vile kule angekuwa amevunja sheria. Afrika Kusini wao mfuko wa ajali unachangiwa na tozo iliyo ndani ya mafuta, mwaka 2022 ilikuwa randi 2 na senti 18 kwa kila lita. Hata bibi asiye na baiskeli anachangia kupitia nauli. Na mfuko wenyewe umelemewa na madeni.

dada_wa_Hale

Naomba nami niseme, na nasema nina uchungu.

Kaka yangu aligongwa na basi akiwa kwenye baiskeli, anatoka shamba la mkonge. Mguu ulikatwa chini ya goti. Kampuni ya bima ikaomba PF3, tukapeleka. Ikaomba picha, tukapeleka. Ikaomba barua ya mwajiri, ya mtendaji wa kijiji, ya hospitali, tukapeleka. Mwisho wakasema lazima daktari wao amwone. Tukasafiri. Yule daktari alimwambia avue mguu wa bandia auweke mezani, akauangalia mguu wa plastiki, akaangalia kigutu, ndipo akaandika. Kaka yangu ni mtu mzima ana wajukuu. Afisa akatuambia, "Msituchukie, madai ya uongo yamezidi, inabidi tujiridhishe." Wakajiridhisha mpaka miaka mitatu ya kufungua kesi ikakaribia kuisha, na hapo ndipo wakatoa ofa, ndogo, wakijua hatuna muda wa kukataa.

Kwa hiyo MadaiMstaafu, milioni tatu zako ulizokuwa unawapa waongo ili ufunge faili, nakuuliza: kwa nini muongo analipwa upesi na wa kweli anavuliwa mguu?

Na nyie wenye magari msijifanye malaika. Wapo wanaotembea na stika ukiihakiki haipo. Ukigongwa na huyo utadai nani?

MadaiMstaafu

Dada wa Hale, pole sana. Swali lako ni la haki na jibu lake ni baya. Dai dogo la uongo lilikuwa chini ya kiwango ninachoruhusiwa kusaini mwenyewe, likapita siku hiyo hiyo. Dai la mguu uliokatwa ni kubwa, lilikuwa linapanda kwa meneja, makao makuu, wakati mwingine mpaka kwa kampuni ya bima mtawanyo, yaani ile inayoikatia bima kampuni yenyewe ya bima, na kila ngazi inatafuta sababu ya kushuku. Wajanja wanajua kiwango hicho kiko wapi. Majeruhi wa kweli hajui, yeye anadai alichopoteza.

Kwa wanaosoma: mteja akikwama na kampuni kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na TIRA wanapokea malalamiko. Usisubiri miaka mitatu ikukaribie.

Rizki_ya_Mtu

Pole dada. Lakini bado nasema mwenye Hiace si maskini.

MamaHiace_Makorora

Rizki, hebu nikujibu. Nauli yapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri, mie siwezi kuamka asubuhi nikaongeza mia. Bima ikipanda, tairi zikipanda, pa kubania ni mahali pamoja tu, hesabu ya jioni aniletayo dereva. Nikimwongezea dereva elfu tano juu ya hesabu, unafikiri azitoa mfukoni? Azitafuta kwa mwendo, na kwa kuning'iniza watu mlangoni, na kwa kugombania abiria na mwenzake pale Kange. Kisha huyo huyo ndiye atakayemgonga mtoto wako. Hiyo milioni nne siilipi mie peke yangu, wailipa na wewe usimamaye kituoni.

Dada wa Hale, pole mno. Sikuwasema wote, namsema wa gunia.

Sasa niwape habari. Barua nimeipeleka, muhuri umegongwa, na konda na mama auzaye maji pale Majani Mapana wamekubali kuandika majina yao. Ripoti ya polisi ina majeruhi mmoja. Afisa safari hii hakucheka, kasema ataiomba hiyo X-ray.

Kubwa zaidi ni kijana mwenyewe. Nilimfuata kijiweni, sikwenda kwa shari. Mwanzo alikuwa mkali, kisha akanivuta pembeni ya kibanda cha chipsi akasema: "Mama, mimi nilisaini karatasi mbili tupu. Waliniahidi laki tatu." Nilipomwambia ni milioni 11 aliniomba nirudie. Na huyo mwanamke hamjui, hajawahi kumwona. Kisha akaniuliza kama atafungwa. MadaiMstaafu, nimwambie nini?

MadaiMstaafu

Usimwambie wewe, na usimpe hata mia, kesho watasema umemhonga shahidi. Jina lililo kwenye dai ni lake, na kughushi ni jinai, kifungo chake ni hadi miaka 7, kwa hiyo hofu yake ina msingi. Aende kwenye kituo cha msaada wa kisheria akiwa na mzee wa familia, aeleze alivyosainishwa, aandike barua ya kuliondoa dai kabla kampuni haijalipa. Akiwahi kabla ya malipo, msimamo wake ni tofauti sana na mtu aliyekula hela. Dai lake la goti abaki nalo, goti alichubuka kweli, bima imlipe hilo goti.

MamaHiace_Makorora

Nimemfikishia kupitia shangazi yake wa Mikanjuni. Ataka mpaka Jumatatu afikirie, kwani pikipiki ni ya mkataba na mwenye nayo hajaambiwa lolote.