Vespa PX150 ikipata moto inalia yenyewe, fundi anataka kupanua silinda. Naombeni ushauri

Mtoto wa Mtoni
Assalaam aleikum wakuu. Nina vespa PX150E ya marehemu mjomba, ilikaa bandani miaka kama sita hivi chini ya turubai, mwaka jana nikaitoa nikasema hii naitengeneza mwenyewe hapahapa barazani maana spana za mjomba zipo zote kwenye lile sanduku lake la bati. Nikabadili plagi, matairi, kebo za gia na klachi, nikaosha tangi na kabureta, ikawaka kiki ya tatu. Imenipeleka kazini Darajani miezi minne bila neno.

Tatizo limeanza wiki tatu nyuma. Asubuhi inawaka vizuri na silensi yake nzuri, ile tok tok tok. Nikishaenda dakika kumi ikapata moto basi nikiachia mafuta haishuki, inabaki inalia juu kama kuna mtu kashika akseleta, nikisimama Mlandege watu wote wananigeukia mie. Juzi natoka Bububu jua la saa nane, ghafla tairi la nyuma likafunga, bahati nikabana klachi haraka nikajiburuza mpaka pembeni. Nikakaa chini ya mwembe robo saa, nikapiga kiki, ikawaka kama si yenyewe.

Fundi wa kwanza kafunga kabureta nyingine, vilevile. Sasa anasema silinda imekwisha tuipeleke Dar ikapanuliwe itiwe pistoni ya saizi ya juu, hesabu yake laki mbili na nusu na usafiri juu yangu. Mie hiyo hela sina na sijui kama anasema kweli. Plagi nikiitoa ni nyeupe kabisa kama chaki. Naombeni msaada.

Kijiti
Uza chuma chakavu hicho ununue Boksa mkuu, spea kila duka mpaka la vocha 😂

Spana 13
Hiyo oili ndogo hiyo. Ongeza oili ya 2T kwenye petroli, weka mara mbili ya unayoweka sasa, pistoni ipate ulaini haitajam tena. Mimi nilikuwa na Bajaj Chetak ya mzee nilifanya hivyo.

Mswahili wa Livorno
Kijiti acha utani, mimi niko huku Italia, kutoka kwangu mpaka Pontedera kiwandani kwao Piaggio hata saa haifiki, na huku PX ya zamani watu wanaipamba wanaitoa Jumapili tu kama nguo ya harusi, akisikia mtu inaendea sokoni kila siku kwenye upepo wa chumvi anashika kichwa. Pale Pontedera wana makumbusho yao, unaziona zimepangwa kuanzia zile za 1946. Na aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa injinia wa ndege na helikopta, pikipiki hata hakuzipenda kwa sababu mnyororo unachafua suruali. Ndio maana vespa haina mnyororo, injini imekaa pembeni ya tairi. Usiuze. Ila kwenye ufundi sina la kusema, nasubiri wakubwa.

Mzee wa Kiki
Waaleikum salaam. Mwanangu usipanue kitu kwanza. Nimefungua vespa tangu zile za zamani mpaka hizi, na fundi anayesema silinda imekwisha bila kuitazama, huyo nyie vijana mnamwita fundi maiko.

Nijibu haya. Ikipata moto ikilia juu, ukivuta choki inashuka au inazidi? Oili ya giaboksi uliimwaga lini, ilitoka kiasi gani na inanukia nini? Na petroli unachanganya oili kwa kipimo gani?

Spana 13 usichukie, lakini hilo ulilomwambia ni kinyume. Lita ni ileile. Ukizidisha oili ndani yake petroli inapungua, jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima mafuta, inapitisha kiasi kilekile, kwa hiyo injini inapata petroli kidogo na hewa ileile, inazidi kuwa kavu na moto unapanda. Plagi yake tayari nyeupe, utaimalizia.

Spana 13
Sawa mzee nimekuelewa, basi ile Chetak ilipona kwa bahati tu 😅

Mtoto wa Mtoni
Shikamoo mzee. Nimetoka kuijaribu saa hii. Nimezunguka nayo mpaka ikapata moto ikaanza kulia, nikavuta choki, ikashuka yenyewe ikawa inakaa sawa kwa muda! Nikirudisha choki inapanda tena.

Oili ya giaboksi niliweka SAE 30 mililita 250 mwezi uliopita, leo nimeimwaga kwenye chupa ya soda iliyokatwa, imetoka karibu yote, nimeinusa haina petroli. Petroli nachanganya lita 5 kwa mililita 100 za 2T, napima kwa chupa ya dawa ya kikohozi.

Mzee wa Kiki
Marahaba. Kipimo chako cha oili sawasawa kabisa, asilimia mbili, usikiguse. Na mambo mengine umeshajijibu, hujui tu.

Injini ya vespa hii haina oili chini kama gari. Lile tumbo la krenki linavuta petroli na hewa kutoka kwenye kabureta, halafu pistoni ikishuka linasukuma juu. Ili livute vizuri lazima lifungwe pande zote, na linafungwa na oili sili mbili, zile pete za mpira zinazozunguka shafti, moja upande wa klachi moja upande wa flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku na feni. Ile ya klachi ikiharibika inanyonya oili ya giaboksi, utaona moshi mweupe mzito na oili inapungua. Wewe haipungui, hainuki petroli, kwa hiyo hiyo nzima. Ile ya flaiwili ikikauka inanyonya hewa ya bure kutoka nje, hewa ambayo kabureta haijui habari zake. Fundi angekubadilishia kabureta kumi isingesaidia. Choki ukivuta unaongeza petroli kufidia ile hewa, ndio maana ikashuka.

Miaka sita bandani ule mpira umekauka ukawa kama plastiki. Ikiwa baridi unabana bana kidogo, ikipata moto unaachia. Hewa ikizidi moto unapanda, pistoni inavimba, inakamata. Ndiyo habari yako ya Bububu.

Halafu habari njema, sili ya flaiwili kwenye PX inabadilishwa bila kupasua injini. Ile ya klachi ndiyo ingekuliza, hiyo lazima injini ishuke ipasuliwe nusu mbili. Kwanza fungua eksozi, mulika tochi kwenye lile tundu, pistoni utaiona ubavu wake. Ikiwa ina mikwaruzo ya juujuu tu endelea. Ikiwa imechimbika hata ukucha unakwama, hapo ndio tuzungumze silinda.

Dada wa Fumba
Mie sijui kitu injini ila nauliza mzee, sili anapata wapi? Maana skuta ya mume wangu kila kitu mpaka iagizwe Kariakoo ipande boti, ikifika siyo.

Mzee wa Kiki
Atoe ya zamani aende nayo mkononi, wasimuuzie kwa maneno. Za LML ya India zinaingia, wale waliziunda PX hizihizi kwa ruhusa ya Waitaliano wenyewe. Ila aitazame ile midomo ya mpira, ikiwa imekunjamana au ngumu airudishe hapohapo dukani.

Mtoto wa Mtoni
Nimemulika. Mikwaruzo ipo miwili mitatu upande wa eksozi, ukucha haukwami. Alhamdulillah. Sasa mzee nifungueje flaiwili? Nimetoa nati ila haitoki, nimeitikisa imekaa kama imeota.

Mzee wa Kiki
Usigonge! Usigonge ncha ya krenki na nyundo, nyuzi zitapanuka na nati haitarudi maisha. Na usikwamishe bisibisi kwenye yale mapanga ya feni ili isizunguke, ni aluminiamu, yanakatika kama biskuti.

Flaiwili imekaa kwenye koni, inataka pula, kile kifaa cha kuivutia nje, yenye nyuzi za vespa, siyo pula ya gari. Ninayo, njoo Mwanakwerekwe kesho baada ya laasiri nikupe. Ukishaitoa utaona sahani ya koili imeshikwa na skrubu tatu. KABLA hujazigusa chukua msumari uchore alama kwenye sahani na kwenye injini, mstari mmoja unaopita vyote viwili. Ukiirudisha kwa kukisia muda wa plagi kupiga cheche unahama na tutarudi palepale kwenye kujam.

Sili itoe taratibu kwa ncha ya bisibisi iliyofungwa kitambaa, usikwaruze shafti. Mpya ipake grisi mdomoni, ule upande wenye springi utazame ndani kwenye krenki, isukume kwa bomba la duara linaloenea pande zote. Ikiingia upande umeipoteza.

Kijiti
Mimi bado nasema Boksa

Mtoto wa Mtoni
Wakuu mrejesho, samahani nimechelewa siku nne.

Pula imeitoa flaiwili kwa mlio mmoja tu "tak", nikaruka. Alama nimechora. Sili ya zamani nilipoigusa kwa bisibisi ilivunjika vipande, siyo kuchanika, kuvunjika, kama ganda la yai lililokauka, na pembeni yake kulikuwa na vumbi jeusi la mpira. Mpya nimepata duka la pili, la kwanza walinipa ya pikipiki nyingine wakaapa ni yenyewe.

Sasa kisa. Wakati wa kurudisha flaiwili kile kichuma kidogo cha nusu mwezi kinachokaa kwenye shafti kilikuwa hakipo. Nimetafuta baraza nzima na tochi, nimefagia, nimemshutumu mtoto wa jirani mpaka mama yake kanijia juu, saa mbili nzima. Kumbe kimenasa kwenye sumaku ndani ya flaiwili yenyewe, kimejificha pembeni. Nimekwenda kuomba radhi na mfuko wa visheti.

Nimefunga, nikaipeleka Bububu na kurudi jua lilelile la saa nane. Nikiachia mafuta inashuka, tok tok tok. Plagi nimeitoa jioni, rangi ya kahawia kama kahawa ya maziwa. Gharama yote sili elfu nane na visheti.

Mswahili wa Livorno
Safi sana. Tuwekee picha basi.

Mzee wa Kiki
Mashallah. Hiyo ndiyo rangi yake. Kila unaporudi safari ndefu itoe uitazame, ikianza kuwa nyeupe usingoje tairi lifunge. Na ile nati ya flaiwili ikaze tena kesho ikiwa baridi, huwa inalegea safari ya kwanza, ikilegea inakikata hicho kinusu mwezi ulichokitafuta saa mbili.

Pula yangu irudi kabla ya Ijumaa, kuna mwenzio wa Amani anaingoja.