Mrejesho: dawa ya kuyeyusha damu kwa mgonjwa wa kiharusi aliyechelewa

Niliuliza kama mjomba wangu wa Lamu, aliyeamka alfajiri upande wa kulia umepooza na ulimi mzito, angeweza kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ingawa alifika hospitali jioni. Nawashukuru mlionijibu. Hakupewa, na sasa naelewa sababu.

Kwa mgonjwa anayeamka na kiharusi, muda huhesabiwa tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, yaani usiku alipoagana na watu wa nyumbani. Alteplesi, mojawapo ya dawa hizo za kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Kwetu, muda huo ulikwisha hata kabla ya boti kufika Mokowe, gati la upande wa bara. Hata hivyo, daktari alieleza kuwa kuchelewa peke yake hakumnyimi mgonjwa dawa, iwapo picha ya MRI, au CT inayopima mtiririko wa damu, itaonyesha sehemu ya ubongo inayoweza kuokolewa. Katika utafiti wa China uliochapishwa 2024, wagonjwa wenye mshipa mkubwa ulioziba walipewa tenekteplesi, dawa nyingine ya aina hiyo, kati ya saa 4 na nusu na saa 24: asilimia 33 walibaki bila ulemavu wa maana, dhidi ya asilimia 24 ya waliopata matibabu ya kawaida, japo waliovuja damu ubongoni waliongezeka kutoka takriban asilimia 1 hadi 3. (Binafsi ningeikubali hatari hiyo.)

Mjomba alipigwa CT ya kawaida tu, nayo ilionyesha eneo kubwa lililokwisha kufa. Sasa anatumia aspirini na dawa za presha, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo humfuata nyumbani, Langoni.