Vitabu vitano nilivyomaliza karibuni: kipi kianze barazani kwetu Tanga?

Binti Makorora

Wana jukwaa, habari za jioni. Mtaani kwetu tumeanzisha baraza la vitabu, kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Tuko mchanganyiko: kina mama wawili wauza vitumbua, vijana wa kidato cha nne, fundi baiskeli na mzee mmoja mstaafu wa bandarini. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunasikiliza, kisha tunajadili. Nimeachiwa mimi nichague kitabu cha kuanzia. Nina vitano nilivyovimaliza karibuni, kila kimoja cha namna yake. Naweka maoni yangu, nanyi mniambie mngeanza na kipi.

Kilichoniteka kuliko vyote ni *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi (1999). Msiseme mmeiona filamu ya 2021 basi yamekwisha. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Anamkimbia. Anarudi kwa jamaa zake, hapokelewi. Anayemfungulia mlango ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, ambaye mwenyewe anaishi kwa kubangaiza. Nilipofika hapo ilibidi nikiweke kitabu chini kwanza. Ndugu wa damu wana nyumba lakini nafasi hawana. Mwajuma hana nyumba ya maana na nafasi anayo.

Kisha anaingia Denge, na harakati za kumpinga Mwingereza zinaingia naye: mambo ya siri, polisi, jela. Nilichokipenda ni kwamba mwandishi hamgeuzi Yasmin kuwa shujaa kwa usiku mmoja. Anaingia kwenye mambo hayo kwa sababu kampenda mtu, siasa anazielewa polepole. Anaogopa, anatamani raha, anakosea. Namwamini.

Sasa mlinganisheni na Siti, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja. *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert ni kitabu chembamba, siku moja unakimaliza. Mtoto wa Fumba, wa ukoo wa watumwa, muuza vyungu, anakuja kufika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Kiswahili chake kitamu, sina la kuongeza. Lakini nilipokifunga nilibaki na kiu. Sifa juu ya sifa: mpole, mkarimu, mvumilivu. Watu walimsimanga kwa sura yake na asili yake, tunaambiwa alivumilia. Mimi nilitaka kujua alikasirika vipi. Siti aliishi kweli, Yasmin katungwa, na bado Yasmin ndiye ninayeweza kumtambua akipita barabara ya kumi na mbili.

Vitatu vilivyobaki nitavipitia haraka. *Mzimu wa Watu wa Kale* wa Muhammed Said Abdulla (1960) ni upelelezi: kuna mauaji, kuna Bwana Msa na kiko chake, maswali kila upande, jibu mwishoni. Kimenifurahisha, ila nilipokimaliza sikukifikiria tena. *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022, ni kizito na kizuri. Nahofia mwendo wake ni wa taratibu mno kwa kusikiliza. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971) kilinichoma moyo, lakini nasita kukisoma kwa sauti mbele ya wanafunzi.

Nawasilisha.

Mwalimu wa Zamani

Mwanangu, umeandika vizuri na baraza lenu nimelipenda. Kwa Siti nakupinga.

Jiulize wakati ule nani alikuwa akiandikiwa wasifu. Masultani, magavana, mashehe wakubwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, Siti keshazaliwa. Halafu Shaaban Robert, mtumishi wa serikali, mtoto wa hapa kwetu Vibambani, anaamua kwamba mwimbaji yule aliyetoka shamba anastahili kitabu kizima. Siti alifariki mwaka 1950, wasifu ukatoka 1958. Hizo sifa unazozichoka ndizo hoja yenyewe ya kitabu. Mabaya watu walikuwa wameshayasema yote, tena kwa nyimbo. Yeye akaweka uzito upande wa pili wa mizani.

Wala usidhani hakujua kuandika uchungu. Soma *Maisha Yangu* pale anapomlilia mkewe Amina. Ni mtu yule yule. Kwa Siti alichagua heshima, na nadhani alichagua sawa.

Dereva wa Kange

Dada, mnamwonea Bwana Msa. Mimi nasoma nikisubiri abiria stendi: kurasa mbili, nafunga, naondoka, narudi baada ya saa nzima. Kitabu kisichokuwa na kamba ya kunivuta nakisahau. Bwana Msa sikumsahau hata siku moja. Unamshuku huyu, ukurasa wa pili unahamia kwa mwingine.

Nimesoma pia *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba. Mpelelezi wake, Willy Gamba, ana ngumi, risasi na magari, ndani yake mna mambo ya vyama vya ukombozi Dar es Salaam ya wakati ule. Kwa vijana anafaa. Ila ukiuliza kipi kinafaa kusomwa kwa sauti, nasema Bwana Msa. Yeye hana haraka, anakaa, anavuta kiko chake, anawaza, na wasikilizaji wanapata nafasi ya kubishana muuaji ni nani kabla hamjaendelea. Wale kina mama wa vitumbua watawashinda wote kwa kubahatisha, hakika nakwambia.

Pangani Mjini

Mimi kura yangu ni *Peponi*, na sitaipeleka kwa kingine. Watu wanakisifia kwa sababu mwandishi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Hebu tuiweke tuzo pembeni tuangalie kitabu.

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Anachukuliwa na tajiri Azizi, anayemwita ami. Anapanda treni akidhani anakwenda kutembea. Kumbe yeye ni rehani ya deni la baba yake. Usiku analala nje, kibarazani mbele ya duka, yeye na Khalil, ambaye naye yuko pale kwa sababu ya deni. Mbwa wanakuja gizani. Khalil anawafukuza, Yusuf amekufa kwa hofu. Niliposoma ukurasa ule nilihisi ubaridi wa sakafu mgongoni. Hakuna anayempiga yule mtoto, hakuna anayempigia kelele, na hapo ndipo penye ukatili wenyewe: kila mtu ana adabu, kila mtu anasalimia vizuri, na mtoto kashawekwa rehani.

Sisi watu wa mwambao tunapenda kuhadithia ustaarabu wetu. Misafara ya bara ilikuwa ikitoka hapa Pangani na kule Bagamoyo, ikirudi na pembe na watu. Kitabu hiki kinatufuata sisi mpaka huko bara na kutuonyesha tulivyokuwa. Binti Makorora, mwendo wa taratibu si kasoro barazani. Someni sura ndefu kwa Jumamosi mbili, msikimbizane.

Mkerewe wa Raskazone

Asanteni kwa kumtaja Kezilahabi, mtu wa kwetu Ukerewe. Ila mnaposema riwaya nzito mnamsahau Aniceti Kitereza. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwenyewe akafariki 1981. Ni mke na mume wanaotafuta mtoto, wakwe wanaingilia kati, na katikati yake unajifunza kulima, kuvua, kutibu na kupika pombe. Kwa baraza linaloanza sikishauri, ni kinene sana. Kiwekeni akiba.

Mama Wawili

Mimi nazungumzia *Rosa Mistika* kwa sababu nina mabinti, mmoja yuko kidato cha tatu.

Binti Makorora, kusita kwako nakuelewa, na kitabu kiliwahi hata kupigwa marufuku mashuleni. Lakini mfikirieni Zakaria. Baba mlevi, nyumba haihudumii, halafu anampiga Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana. Rosa anakua bila kuruhusiwa hata kuzungumza na mwanaume, akifika chuoni, mbali na macho ya baba, hana anachokijua. Nilikisoma nikiwa msichana nikamlaumu Rosa. Safari hii nimekisoma nikiwa mzazi, nimemlaumu Zakaria kila ukurasa, na mama yake Rosa nimemhurumia mno.

Kisomeni. Kama kuna kurasa ngumu, asome mtu mzima, na wazazi waalikwe siku hiyo. Wanafunzi hayo mambo wanayaona kwenye simu zao kila siku bila mtu wa kuzungumza nao.

Binti Makorora

Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote.

Mwalimu, umenieleza kwa nini Shaaban Robert aliandika vile, na nakuheshimu kwa hilo. Bado nabaki na langu. Mizani ile ilikuwa ya watu wa 1958. Leo hakuna barazani kwetu anayemdharau Siti, kila mtu anamwita bibi wa taarabu. Anayemsikiliza leo anataka kumkaribia zaidi. Mama wa vitumbua anayeamka saa kumi alfajiri hatatosheka kuambiwa Siti alivumilia. Atauliza alivumilia vipi, na usiku alimweleza nani. Mwajuma wa Adam Shafi anamjibu swali hilo. Kwa hiyo tunaanza na *Vuta N'kuvute*, na *Wasifu* unafuata papo hapo, ili vibishane mbele yetu. Mwalimu, tafadhali njoo siku ya *Wasifu* umtetee mzee wetu mwenyewe.

Pangani Mjini, lile la mbwa na kibaraza limenigusa. *Peponi* nimekipandisha kuwa cha tatu. Mama Wawili, ya Rosa nitayapeleka kwa wazazi kwanza, na nitakuomba uje wewe usome zile kurasa ngumu.

Dereva wa Kange

Na Bwana Msa je?

Binti Makorora

Mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, wakati kila mtu yuko macho. Utasoma wewe.

Mwalimu wa Zamani

Marahaba. Nitakuja, na nitaleta nakala yangu ya *Wasifu* na ya *Maisha Yangu*, maana ubishi huu siumalizi kwa kitabu kimoja. Nakala za *Vuta N'kuvute* mnazo ngapi? Kama hazitoshi, ulizeni maktaba ya mkoa mapema, kabla wanafunzi hawajaanza kujiandaa na mitihani.