Mbio za Chester Jumamosi: mnaanzia wapi kuchambua farasi?

Mdau_Ngamiani
Assalaam aleykum wadau. Kadi ya Jumamosi ya Chester, Uingereza, ina mbio saba, kila moja farasi sita hadi kumi na wanne. Wengi hapa Tanga huokota wenye odi ndogo zote saba wakatia mkeka mmoja. Naona si sawa, ila sijui pa kuanzia. Tarakimu kama 40-312 na herufi C, D kando ya jina zasemaje? Na namba ya geti la kuanzia ni kitu?

Shehe_Raskazone
Waaleykum salaam. Anza kwa kupunguza. Mbio za farasi wa miaka miwili ambao hawajawahi kukimbia ziache, hakuna cha kusoma pale. Zikikubakia mbili au tatu, siku imetosha.

Tarakimu ya mwisho kulia ndiyo mbio ya karibuni. Huyo wako katoka wa pili, kabla yake kashinda, kabla yake wa tatu. Kistari hutenga mwaka jana na mwaka huu. 0 ni nafasi ya kumi au nyuma zaidi. C kashinda uwanja huohuo, D kashinda umbali huohuo. Ila ukiona 1 uliza kwanza kamshinda nani: wa nne wa daraja la 2 mara nyingi ni bora kuliko mshindi wa daraja la 5, maana namba ndogo ndiyo daraja la juu.

Halafu hali ya uwanja, na hapa ndipo wengi huangukia. Farasi wa nyasi kavu huweza kukosa nguvu kabisa kwenye tope. Itazame asubuhi ya siku yenyewe, maana mvua ya usiku huvuruga hesabu yote. Majira yao ya joto, saa nane mchana kwao ni saa kumi jioni kwetu, muda upo.

Geti? Chester ni kitu kikubwa mno. Mzunguko ni mfupi, maili moja na kidogo, kona za kushoto karibu mfululizo. Mbio za falongi tano (kama mita 1,000), mwenye geti 1 hadi 4 yuko ndani. Wa geti 10 huzunguka njia ndefu au hukwama nyuma ya wenzake.

Fundi_Mizani
Naongeza jambo la uzito anaobebeshwa farasi. Kwa makadirio, urefu wa farasi mmoja ni sawa na paundi 3 kwenye mita 1,000, paundi 2 kwenye 1,600, paundi 1 kwenye 2,400. Mfano: A alimshinda B kwa urefu mara mbili, mita 1,600. Leo A kaongezewa paundi 6, B kabaki vilevile. Ule ushindi ulikuwa na thamani ya paundi 4, kwa hiyo kwenye karatasi B yuko mbele kwa urefu mmoja.

Tazama pia joki (mpanda farasi) mwanagenzi: hupunguziwa paundi 7, 5 au 3 kulingana na idadi ya ushindi wake. Na farasi anayevishwa vidoto vya macho (vya kumzuia kutazama pembeni) kwa mara ya kwanza, hilo ni jaribio la mkufunzi. Msimpe imani kwa sababu hiyo peke yake.

Mdau_Ngamiani
Shukrani sana wakuu. Sasa huo mkeka wa saba?

Dau_Dogo
Mkuu, anayepewa nafasi kubwa hushinda takriban mara moja katika tatu. Zidisha theluthi hiyo kwa yenyewe kwa mbio zote saba: 1 kwa 2,187. Beti mojamoja, dau lilelile.

Geuza odi kuwa asilimia: 100 gawa kwa odi. 4.00 ni 25. Farasi sita wenye 2.50, 4.00, 5.00, 8.00, 10.00 na 10.00 wanafika 117.5, hiyo 17.5 ya juu ni ya kampuni. Ukiona farasi wako ana nafasi ya 20 tu, odi 4.00 haikufai hata kama ndiye unayempenda.

Ukibeti kushinda na nafasi (nusu ya dau ashinde, nusu amalize nafasi za mbele), hesabu farasi kabla ya kulipa. Kwa masharti ya kawaida wanane hulipa nafasi tatu, watano hadi saba hulipa mbili. Mbio ya wanane akijitoa mmoja, wa tatu wako hana kitu. Na aliyejitoa akiwa na odi ndogo, malipo yako ya ushindi hukatwa pia.