Mteja anazidi kushikwa na hofu nikimwambia avute pumzi

NasahaLikoni: Assalaam aleikum washauri wenzangu. Mteja amenusurika ajali ya matatu. Nikimtaka afumbe macho na kuvuta pumzi ndefu, vidole vinakufa ganzi, kizunguzungu kinampata, moyo unamwenda mbio. Mazoezi ya mwili ya kutuliza hofu, kama hili la pumzi, yanamfaa kweli, au tubaki na mazungumzo tu?

BiTudor: Waaleikum salaam. Yanamfaa, ila hizo pumzi ndefu ziache. Akihema kwa nguvu anatoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi. Ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hubana, ndipo huja kizunguzungu, na yeye hudhani anakufa. Pumzi iwe ndogo, kwa pua: sekunde 4 kuingiza, 6 kutoa, yaani pumzi 6 kwa dakika. Kutoa ndiko kunakotuliza moyo, kwa hiyo refusha huko. Hesabu ikimshinda, anza na 3 kwa 4. Usimlazimishe, atarudi kuhema. Siku ya kwanza dakika 2 zatosha. Macho yawe wazi, yatue mahali pamoja, hata kwenye kitasa cha mlango. Mwenye kiwewe akifumba macho, mara nyingi ajali ndiyo inayomjia.

Mshauri_Kisauni: Wengine pumzi yenyewe ndiyo inayowatisha. Huyo mwanzishe na miguu: akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, asukume ukuta kwa viganja sekunde 5 hadi 7, aachie sekunde 20, akueleze mikono inahisije. Kukaza na kulegeza misuli ni njia ya daktari Mmarekani Edmund Jacobson, ya tangu miaka ya 1920. Akizoea, apeleke fikira kwenye kifua kinachobana kwa sekunde chache, kisha arudi viganjani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: humwacha mteja kifuani wakitaraji machungu yatoke yote kwa mkupuo. Macho yakikodoka, sauti ikififia, majibu yakiwa ya neno moja, simamisha hapo hapo. Mwambie akutajie rangi anazoziona chumbani.

BiTudor: Kweli kabisa. Tena aonwe na daktari kwanza, maana pumu na maradhi ya moyo huleta dalili kama hizo. Na usimguse bila idhini yake. Mwonyeshe kwa mwili wako mwenyewe.

NasahaLikoni: Shukran sana. Na akiwa kwenye feri, watu wamebanana?

Mshauri_Kisauni: Asihangaike na kuhesabu pumzi. Ashike chuma cha pembeni, akikaze na kukiachia, macho yaangalie ng'ambo. Lakini ajizoeze nyumbani kila siku akiwa ametulia. Akingoja hofu ipande ndipo ajaribu mara ya kwanza, hatakumbuka hata hatua moja.